Sare ya Wapishi

Nashona nguo za wanawake hapa Kibiti, kwenye fremu ndogo karibu na stendi, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yenyewe ni kukata na kushona, lakini nusu ya siku naitumia kuwatazama watu wakijitazama. Mwanamke anaingia mabega yameanguka, anasalimia kama anayeomba radhi. Anavaa gauni lake jipya, anasimama mbele ya kioo changu kirefu, na kabla hajasema neno shingo imeshasimama. Dakika mbili baadaye ananituma maji ya kunywa. Nimeona na kinyume chake: nguo isipomkaa mtu, au akihisi si ya kwake, ananywea palepale, anataka kuivua haraka hata kama hakuna aliyemcheka. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikujua nguo inamfanya nini binadamu. Nilijua vizuri sana, ndiyo kazi yangu.

Mimi nina mama wawili. Aliyenizaa anaishi hapahapa Kibiti. Aliyenilea ni dada yake, mama mkubwa wangu, yuko Mbwera huko visiwani, analima mpunga na kukausha kamba. Nilipelekwa kwake mama alipoachika, nikiwa bado nanyonya kidole, na nikarudi Kibiti msichana mkubwa, kuja kujifunza cherehani. Kila ninachokijua kuhusu nguo kilianzia kwa mama mkubwa, si kwa fundi aliyenifundisha.

Alikuwa na doti mbili za kutokea. Mbili tu, lakini akizivaa ungedhani ameacha ishirini sandukuni. Shambani alikwenda na matambara, tope hadi mapajani, nani angemtambua. Kukiwa na shughuli alioga mapema, akajipaka mafuta ya nazi miguuni, akatoa kanga zilizolaliwa chini ya godoro zikanyooka kama zimepigwa pasi. Kisha akapita katikati ya kijiji polepole, makusudi, ili aonekane. Harusi za Mbwera zilikuwa hazichangamki mpaka yeye aingie. Wengine walimsema kwamba anajisikia. Yeye aliwajibu kwamba asipojisikia yeye, atamsikia nani?

Asubuhi ya mtihani wangu wa darasa la saba alinivua shati nililokwisha kuvaa akanivisha lililofuliwa jana yake. Aliniambia mtu akijiona mchafu hata jibu analolijua linamkimbia. Nilifaulu, na hadi leo siamini kama ni akili zangu peke yake.

Sasa, kwetu siku ya ndoa upande wa mume huleta mkaja. Ni nguo ya mama wa bibi harusi, kwa ajili ya tumbo alilolifunga baada ya kuzaa na mgongo aliobebea mtoto. Anaitwa mbele ya wanawake wote, anasimama, anafungwa ile nguo kiunoni, vigelegele vinapigwa. Hapo ndipo kila mtu anajua mama wa huyu ni nani. Nilipochumbiwa, mama yangu wa Kibiti alisema mapema kabisa kwamba mkaja ni wa dada yake. Yeye alizaa, akasema, lakini mgongo uliotumika ni wa mwingine. Mama mkubwa alipopelekewa habari hiyo hakulala nayo. Aliitangaza kijiji kizima, hata kwa watu wasiouliza. Hakuwahi kuzaa, na hii ndiyo ilikuwa mara yake moja ya kuitwa mama mbele za watu.

Mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Ilianza siku ya posa. Wakwe zangu ni watu wa biashara toka zamani, nyumba zao zinanukia udi hata siku za kawaida. Siku hiyo boti lililomleta mama mkubwa lilikwama maji yalipopwa, akashuka, akakanyaga tope hadi nchi kavu. Aliingia sebuleni kwetu na mabuti ya mvua ya mumewe, kanga imelowa hadi magotini, anacheka kwa sauti na kuamkia watu kwa lafudhi yake ya Kindengereko. Shangazi wa mume wangu aliniinamia akaniuliza taratibu, "Huyu ndiye anayewasaidia kazi?"

Nilicheka kidogo. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, nikamwongezea chai. Usiku mzima uso uliniwaka, na badala ya kujionea haya mimi, nikamkasirikia yeye na mabuti yake. Mimi nina hasira za karibu, na hasira za namna hiyo hutafuta mtu asiyeweza kujibu.

Sare ya kina mama ilikuwa lesi ya rangi ya damu ya mzee, nami mwenyewe ndiye fundi. Nilinunua kitambaa cha watu kumi na wawili. Nikakata vya kumi na mmoja. Kipande cha kumi na mbili kilikaa rafuni siku nzima nikikitazama, vipimo vya mama mkubwa ninavijua kwa kichwa, sihitaji hata futi. Nikawa namwona amekaa na wakwe zangu mstari wa mbele, miguu yake ile iliyopasuka, kicheko chake kile. Jioni nilikichukua nikampelekea jirani yangu mwenye saluni, mtu niliyemfahamu mwaka mmoja, kwa sababu lesi ingemkaa vizuri.

Wapishi nao walikuwa na sare yao, kanga ya kijani yenye madoa meupe. Nilitoa doti moja nikaituma Mbwera, kisha nikapiga simu. Nilimwambia kitambaa cha lesi kimepungua dukani, lakini hii nayo ni sare na itampendeza.

"Sare ni sare, mwanangu," alisema. "Kijani ndiyo rangi yangu."

Hakujua kuwa kulikuwa na sare mbili, na mimi sikumwambia.

Siku ya harusi nilikuwa ndani nimepambwa, dirisha linatazama uani. Nilimwona akiingia. Alikuwa ameshaivaa ile kanga, wanja machoni, miguu inang'aa mafuta, anatembea mwendo wake uleule wa kutaka aonekane. Upande mmoja kina mama wamekaa kwenye viti na lesi zao. Upande mwingine, kwenye moshi, wanawake sita wa kijani wanachambua mchele. Akasimama. Alitazama kule, akatazama huku, kisha akajitazama mwenyewe kuanzia kifuani kwenda chini. Naujua mtazamo ule, nauona mbele ya kioo changu kila wiki. Hapo mtu ameshaamua kurudi nyuma ya pazia akaivue.

Kisha akacheka, akapaza sauti: "Haya wapishi wenzangu, nipeni mwiko."

Alifanya kazi kuliko wote, nasikia. Pilau ilisifiwa. Mchana upande wa mume walipoleta mkaja, akaitwa mama wa bibi harusi. Mama yangu aliinuka akaenda jikoni kumfuata dada yake, na kwa kuwa jikoni kulikuwa chini ya dirisha langu, nilisikia kila kitu.

"Dada, unaitwa wewe."

"Pokea wewe. Mimi nanuka moshi."

"Twende hivyohivyo."

"Na nguo hizi? Nitamwaibisha mtoto mbele ya wakweze."

Mama alimbembeleza, akamvuta mkono, mwenzake akashikilia sufuria la pilau kama linataka kukimbia. Nami nilikuwa hapo juu, hatua nne kutoka kwao. Ni kweli bibi harusi hatoki nje, lakini mdomo nilikuwa nao. Ningeita tu, "Mama mkubwa, nenda, ni wewe." Gauni langu jeupe nililitia shanga miezi mitatu, na ndani yake nilijiona mkubwa kuliko nilivyowahi kujiona, nikaogopa kupunguka. Nikanyamaza. Mama yangu alirudi peke yake, akafungwa mkaja huku analia, na watu wakadhani analia kwa furaha.

Baada ya harusi nilianza kutuma nguo Mbwera. Kila aliyeniambia anakwenda huko nilimpa doti, au dera, au mtandio. Nilichagua vitu vizuri, vya kuonekana. Nilijidanganya kwamba tuko sawa, maana kila zikifika alipiga simu kushukuru na kuniombea dua, wala hakuwahi kuigusa ile siku hata kwa utani. Na mama mkubwa ni mtu wa utani hasa.

Halafu akaja dukani mteja mmoja wa Mbwera, mwanamke anayetaka kushonewa gauni la harusi ya mdogo wake. Nikamwambia kwa kujifanya mwenyeji, basi huko mama mkubwa wangu atawachezea mpaka mchoke. Akaniangalia kwa mshangao.

"Huyu mbona siku hizi hatoki? Akialikwa analeta mchele, kisha anarudi kwake. Anasema hana nguo."

Nilifoka, nikiwa nimeshika pini mdomoni. Hana nguo vipi, wakati mimi mwenyewe nimemtumia doti saba? Yule mteja akaniambia doti anaziona, zinavaliwa na mabinti wa majirani. Nilimaliza kumpima, nikamwandikia vipimo vyote kimakosa, ikabidi nimwite tena kesho yake.

Sikwenda Mbwera. Nilijiambia kazi nyingi, nilijiambia mimba inanisumbua. Ukweli ni kwamba sikuwa na uso.

Nilipojifungua alikuja mwenyewe kunilea, kama desturi inavyotaka, na akakaa arobaini nzima. Alinikanda maji ya moto, akanifunga tumbo, akamwogesha mtoto akimtungia majina ya mzaha. Tukiwa wawili alikuwa yuleyule. Lakini wakwe wakibisha hodi alikuwa ameshaondoka, ama anafua nepi nyuma ya nyumba, ama anachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Akileta chai anaweka sinia mlangoni, ananiita mimi nilichukue, nami mzazi. Nilimwambia aje akae na wenzake. Akaniambia yuko sawa huko, hajazoea viti vya sponji.

Siku ya arobaini wakwe walikuwa wanakuja wote, tumchinjie mtoto akika. Asubuhi nilimwambia leo atakaa sebuleni, karibu yangu, yeye ndiye atakayembeba mtoto watu wakija kumtazama. Alikubali. Akaingia chumbani kuvaa. Nikasubiri, nikanyonyesha upande mmoja, nikahamia wa pili, hajatoka. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa amesimama mbele ya kanga tatu zilizomwagwa kitandani, ya nne ameishika mbele ya kifua, anatafuta kioo. Mwanamke ambaye nimekua namwona akivaa gizani, kwa kupapasa tu, na akitoka kijiji kinageuka.

Hapo ilinishinda. Nilikaa kitandani na mtoto mkononi nikamwambia, "Mama mkubwa, siku ile kitambaa hakikupungua. Kilikuwepo cha kwako. Nilimpa mtu."

Hakushtuka. Alikunja kanga moja, akaiweka pembeni.

"Najua," alisema. "Wewe fundi, kitambaa kikupungukie vipi?"

Nilianza kulia. Nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya yule shangazi na chai, nikajisema kwa maneno yote mabaya niliyonayo. Akanisikiliza. Akaniambia nisilie nanyonyesha, maziwa yatakauka, na kwamba alinisamehe palepale kwenye moshi, hata pilau haijaiva. Alisema kwa upole, na nilimwamini. Nikaona basi, yamekwisha.

Nje tukasikia gari la wakwe linasimama. Mama mkubwa akajifunga haraka ile kanga ya nne, akanigeukia, akaishika pindo kwa mikono miwili.

"Na hii je?" akauliza. "Nikikaa nao nayo hii, hawatauliza tena mimi ni nani?"

Nilimtazama usoni nione kama ananisuta. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anangoja nimjibu.