Kwenda Musumba kwa Jicho Moja

Majirani zangu wa Dilala, hapa Kolwezi, mlisikia kwamba mke wangu alinikimbia. Sababu hamkuisikia kutoka kinywani mwangu, basi nianze nayo, maana ndiyo iliyonipandisha gari.

Nilikuwa dereva wa lori kubwa la mgodi. Siku moja jiwe lililorushwa na tairi la lori jingine lilivunja kioo changu, likanitoboa jicho la kushoto. Nilipotoka hospitalini, kazi ilikuwa imekwisha. Niliambia kila mtu kwamba jicho lililobaki linatosha, kwani nilitumaini kurudishwa kwenye usukani. Kumbe chai nilikuwa naimimina nje ya kikombe. Nikawa mtu wa hasira. Jumapili moja, katikati ya ugomvi na mke wangu Kamin, nilinyakua sahani nikaitupa. Ilimpasua paji la uso binti yetu Mbombo, mwenye miaka minane, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Kamin hakulia. Alimwosha mtoto damu, na kesho yake wakaenda Musumba kwa kaka yake. Nikipiga simu hapokei. Mwezi wa tatu tangu waondoke alinitumia sauti yake kwa simu, maneno machache tu ya kuniruhusu niende: "Kama unataka kukuya, ukuye. Lakini mutoto anakuogopa."

Jumatatu alfajiri nilichukua taksi-moto, pikipiki ya abiria, hadi mahali malori ya Kasaji na Sandoa yanapopakia. Nilipata nafasi juu ya magunia ya chumvi, pembeni ya mfanyabiashara mmoja, Mama Ngalula, aliyenijua kwa sura tangu enzi za lori la mgodi. Lami ikaisha, milima ya udongo wa migodi ikabaki nyuma, tope likaanza. Siku ya pili, baada ya Mutshatsha, tulikwama mara mbili, tukashuka wote kukata matawi na kuyalaza chini ya magurudumu. Nilifurahi kusukuma. Nikisukuma sikuwa na nafasi ya kuwaza nitasema nini nikifika.

Siku ya tatu, kabla ya Sandoa, tulifika kwenye daraja la magogo. Mvua ilikuwa imechukua mbao, yamebaki magogo mawili mapana, moja kwa kila upande wa magurudumu. Dereva wetu alikuwa anatetemeka kwa malaria, jasho linamtiririka.

"Huyu tata ni shofere ya mine," Mama Ngalula akasema kwa sauti, akininyooshea kidole. "Apitishe ye!"

Watu wote wakanigeukia. Nilipanda, nikashika usukani. Mbele yangu magogo yalilala kama picha iliyochorwa kwenye karatasi. Sikuweza kujua kama yanaanza hatua moja kutoka gurudumu au hatua tatu. Nilikanyaga klachi, kisha nikaondoa mguu.

"Mi siwezi."

"Juu ya nini? Si uko shofere?" akauliza Mama Ngalula.

"Nilikuwa."

Dereva alijifuta uso, akachukua kiti chake. Tulivuka kwa miguu, kisha tukasimama ng'ambo tukitazama gurudumu la nyuma likichungulia nje ya gogo, juu ya maji. Alivuka. Sandoa lori likaishia, nikaendelea kwa pikipiki.

Siku ya tano jioni pikipiki ilinishusha Musumba, mbele ya ua wa Nawej, kaka yake Kamin. Ni mtu mfupi mwenye mikono minene, fundi wa vinu na viti vya mti. Alikuwa amekaa akikomba kinu kwa tezo, kishoka cha kuchongea, vipande vya mti vimemjaa mabegani.

"Yambo, shemeji."

Hakuinua kichwa. "Sahani uliacha Kolwezi, ao uko nayo?"

"Nakuya kuomba pardo, munisamehe."

"Haiko miye unapashwa kuomba," akasema, akielekeza tezo kwenye mlango.

Kamin alitokea mlangoni. Nyuma yake Mbombo ameshika kikwembe kiunoni mwa mama yake, na juu ya nyusi nikaona kovu. Nilipiga hatua moja. Mtoto akatoweka ndani.

"Simama pale pale," Kamin akasema. Nikasimama pale pale.

Nilipewa mkeka katika kibanda cha kuni. Nawej alisema asubuhi nirudi nilikotoka, lakini mvua ilifunga njia, hakuna pikipiki iliyotoka.

"Mwenye kula hapa anatumika kazi," akaniambia. Akanikabidhi tezo, akakaa mbele yangu akibana gogo kwa nyayo zake, akatia alama kwa mkaa. "Kata hapa."

Nikapiga. Tezo ilipita gogo lote, ikazama ardhini karibu na kidole chake cha mguu. Nawej aliruka.

"Unataka kuniua?"

"Hapana!"

"Basi unaona nini na ile jicho?"

Kamin alikuwa ametoka nje kwa kelele zile. Ningeweza kusema mpini uliteleza. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha nikakumbuka daraja, na macho ya wale watu wote juu yangu.

"Sioni umbali," nikasema. "Tangu jicho ilikufa, sijue kama kintu iko karibu ao mbali. Na ile sahani, Kamin, nilitaka ukuta. Nilizania mutoto ako mbali."

"Ukuta?" Sauti yake ilikuwa chini sana. "Miezi tatu nalala nikijua ulimutupia mutoto. Juu ya nini haukusema?"

"Kama ba mine banajua, habatanirudisha ku kazi."

Aliunyooshea kidole ukuta wa nyumba. "Kabeya, hata ukuta haikukukosea kintu. Sahani haikukuwa ya kutupa." Akarudi ndani.

Nilingoja Nawej anifukuze. Alichomoa tezo ardhini, akaushika mkono wangu wa kushoto, akakibana kidole gumba changu juu ya alama ya mkaa. "Gusa kwanza. Kisha kata kidogo. Muti haikimbie." Halafu akaenda kukaa mbali, miguu ameikunja.

Ndivyo nilivyoanza. Nagusa, nakata, nagusa tena. Nilijikata mara mbili, na kinu cha kwanza kikapasuka. Lakini niligundua kwamba kidole hakikosei pale jicho linapodanganya. Siku ya nane ya kazi niliokota kipande kilichobaki, nikaanza kutafuta ndani yake mwanamke aliyebeba beseni kichwani. Shavu nililipata kwa kidole gumba, shingo pia. Nilipoitwa kula, nilishtuka: tangu asubuhi sikuwa nimekasirika hata mara moja.

Nawej alikigeuzageuza. "Sikio iko chini." Akapitisha kidole shingoni. "Nani alikufundisha hii shingo?"

"Hakuna."

"Binu ya kutwanga unaharibu. Bantu ya muti kama huyu, njo kazi yako." Akaiweka sanamu ile kwenye rafu, kando ya vitu vyake vya kuuza.

Kesho yake niliiteremsha sanamu niimalizie uso, Mbombo akaja peke yake, akasimama mbali kidogo.

"Papa, utaitia macho ngapi?"

"Mbili. Ni mama yako."

Akafikiri. Kisha akazunguka nyuma yangu, akakaa upande wa kulia, upande wa jicho langu zima. Sikuthubutu kunyanyua tezo mpaka alipoondoka.

Baada ya wiki tatu njia ilikauka. Nawej alinipa tezo moja na patasi mbili. Kamin alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, lakini hakupanda. "Mutoto amalize masomo," alisema. "Kisha nitakuya kuangalia. Kuangalia tu."

Nilirudi Dilala peke yangu. Mnaponipita mnaniona nikichonga uani kwangu. Kwenye lango la kampuni siendi tena. Wengine mnasema ajali ndiyo iliyovunja nyumba yangu. Sivyo. Jicho lililokufa halikumuumiza mtoto. Kilichomuumiza ni mkono uliotangulia akili, na mdomo ulioficha ukweli. Hilo nililijua Musumba, siku tezo ilipozama karibu na mguu wa mtu aliyenilisha.

Wiki iliyopita walifika. Mbombo ameshawatafuta rafiki zake wa zamani. Kamin ameingiza mzigo wake ndani, ameuweka karibu na mlango, bado hajaufungua. Mimi simharakishi.