Jembe la Posa na Mkanda wa Ubingwa

Mkanda wa ubingwa niliushona mimi. Wakati vijiwe vyote vya bodaboda vinabishana nani atauvaa Jumamosi, mkanda wenyewe ulikuwa umerudishwa kwangu kurekebishwa, uko chini ya meza ya cherehani yangu, hapa Katandala, Sumbawanga, umeviringishwa kwenye kiroba, na matundu mapya ya kufungia nimeshayatoboa kwa kipimo cha kiuno cha mshindi. Mwandaaji wa pambano alikuja mwenyewe kuniambia. "Toboa ya yule wa Kasense," akasema, "na huo mdomo wako ufunge." Mdomo wangu una sifa yake mtaani, lakini safari hii niliufunga kweli. Yule wa Kasense ndiye aliyekuwa ameleta posa nyumbani kwetu, na bingwa aliyekuwa anakwenda kuvuliwa mkanda ni kaka yangu wa tumbo moja.

Nieleze vizuri, maana watu wa mbali huwa wananicheka. Mieleka yetu ilianzia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio. Vijana waliitazama tangu wadogo, wakapagawa nayo, mwisho wakajenga ulingo wao wa mbao na magunia ya pumba kwenye uwanja wa mpira. Pambano linapangwa kabla, nani ashinde na nani alale. Kaka yangu, mpakiaji wa magunia kwenye mashine ya kusaga, ni stelingi, yule wa kushangiliwa. Akipanda ulingoni watu wanasimama. Yule wa Kasense, mkulima wa alizeti, ni adui. Anapaka masizi usoni, anavaa miwani nyeusi, anamtolea maneno kila mtu, na watu wanakuja ili wapate kumzomea. Ukimkuta bila masizi ni mtu wa kuongea chinichini, anayejiinamia hata akimsalimia mwanafunzi wa darasa la pili. Mimi nilimfahamu kwa kumpima suruali. Alisimama amekakamaa, hajui mikono aiweke wapi. Nikamwambia, "Kaka, pumua, napima kiuno, sikamati mwizi." Akacheka, na huo ndio ukawa mwanzo.

Jioni walikuwa wanafanya mazoezi pamoja nyuma ya mashine, kaka na yeye, mbali na macho ya watu. Kuna mnyanyuo mmoja ambao ulipangwa uwe kilele cha Jumamosi, kabla adui hajainuka na kushinda kwa hila. Kaka anamwinua mwenzake mpaka juu ya kichwa, anamzungusha, anamtupa chini kwa mgongo. Anayeinuliwa hana lake hapo; shingo yake iko mikononi mwa anayemwinua. Ila anapomshusha, kaka anaingiza kiganja chini ya kisogo chake, chap, mtazamaji haoni kitu. Nimeuona mnyanyuo ule mara nyingi na kila mara macho yangu yanakitafuta kiganja kile kwanza.

Sasa hiyo posa. Ukoo wetu bado unashika mambo ambayo koo nyingine zimeshayaacha. Mshenga alileta jembe jipya, chuma kitupu bila mpini. Jembe likiwekwa ndani, posa inatazamwa kwa jicho zuri. Likitolewa barazani, mshenga anajua aje alichukue aende zake, na hakuna atakayemsemesha zaidi ya salamu. La kwangu lilikuwa ndani, nyuma ya mlango wa sebule, na kila nikifagia nilikuwa nalitazama, nalipita, narudi kulitazama tena.

Halafu yeye mwenyewe akaja kuharibu.

Wiki ya pambano gari la matangazo lilizunguka mjini, mwisho likasimama sokoni. Yeye juu ya gari, masizi usoni, kipaza sauti mkononi, anapiga mikwara. Ndiyo kazi yake. Mwandaaji alikuwa anamwimbia kila siku, "Ongeza nyodo, bwana, watu wakuchukie." Basi akaongeza. Akasema, "Huyo bingwa wenu, hebu muulizeni mama yake. Alizaa dume au alizaa mlenda?"

Soko likaangua kicheko. Mama yangu alikuwa pale pale, ameinama kwenye gunia lake la maharage, ana kopo la kupimia mkononi. Jamaa hakumwona, na miwani ile angemwonaje. Lakini mama kabla ya kumpata kaka alizika watoto wawili, na mpaka leo likitajwa neno kuzaa sauti yake inabadilika. Aliyarudisha maharage ya kwenye kopo, akafunga gunia, akaenda nyumbani mchana kweupe, kitu ambacho hafanyi hata akiwa na homa. Nilipofika na mimi, jembe lilikuwa barazani, limeegemezwa ukutani.

"Mama, ile ni kazi yake," nikamwambia. "Ni maneno ya mchezo tu. Hakukuona."

"Tumbo langu si la mchezo," akasema, akaendelea kupepeta.

Kaka alihadithiwa jioni na wenzake. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa, maana akifoka namjua. Alikula ugali wake, akanawa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumamosi nitamwinua kama tulivyopanga. Kumshusha sijui."

"Hujui nini?"

"Mkono wangu sijui kama utakwenda kule chini. Nakwambia ukweli."

"Utamvunja shingo."

"Ndiyo maana nakwambia. Mwambie. Mama akisema yamekwisha, na mimi yamekwisha."

Nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Akaondoka. Tangu siku ile hakutokea tena mazoezini, na yule wa Kasense alikuwa anakuja nyuma ya mashine, anakaa juu ya magunia ya pumba peke yake, mpaka giza likianza kuingia anapanda baiskeli anarudi kwao.

Nilimfikishia maneno ya kaka, naye akamtuma mshenga na kuku. Mama alimkaribisha mshenga vizuri tu, akampa chai na viazi, kuku akamrudishia. "Mimi kanitukania sokoni," akasema. "Asinifuate jikoni."

Mshenga alielewa na mimi nilielewa. Kwetu mtu akimkosea mkwe anapiga magoti, anakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu, anaamkia, kisha anasubiri. Kama kosa lilifanyika mbele ya watu, na magoti yapigwe mbele ya watu hao hao. Na mbele ya watu wa sokoni ilibaki siku moja tu, Ijumaa, pale wapinzani wanapotazamana uso kwa uso juu ya gari mara ya mwisho kabla ya pambano.

Mwandaaji si mjinga, alishanusa. Akaja dukani kwangu akamkuta jamaa ameketi kwenye kiti cha wateja. "Sikiliza," akamwambia. "Ukipiga goti Ijumaa umeliua pambano. Adui anayeomba radhi nani atakuja kumzomea? Mkanda sikupi, na kwenye ulingo wangu hupandi tena." Kisha akatoka, hata hakuaga.

Jamaa aliusubiri mkanda ule miaka. Alikuwa anatoka Kasense na baiskeli kwenye baridi la Juni, baridi la Sumbawanga ambalo halimwonei mtu huruma, anapigwa chini, anazomewa, anarudi kulima. Akanitazama. Alitaka mimi ndiye niseme achague nini. Nikashika mkasi nikaendelea kukata kitambaa, nikapitiliza alama, nikaharibu mguu mzima wa suruali ya mteja.

"Nina hasira na wewe," nikamwambia, "kwa hiyo usiniulize." Lakini sikuwa na hasira hata nusu ya hofu niliyokuwa nayo. Nilikuwa naiona ile shingo.

Ijumaa upepo ulivuma na vumbi lake lote, watu wamejifunika makoti na mablanketi, soko limejaa. Mama alikuwa mahali pake, na gunia lake. Mimi nilisimama karibu naye. Juu ya gari kaka na yule wa Kasense waliwekwa kifua kwa kifua, na watu wakapiga miluzi kwa jinsi walivyoigiza vizuri. Mimi niliona taya la kaka lilivyokaza. Hakuwa anaigiza.

Mwandaaji akampa adui kipaza sauti. Watu wakaanza kuzomea hata kabla hajafungua mdomo. Akavua miwani, akaitia mfukoni, akaruka chini. Watu wakampisha mbiombio wakidhani anakuja kumpiga mtu. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye gunia la mama, akapiga magoti vumbini. Kipaza sauti alikibana kwapani akasahau kukizima, kwa hiyo makofi yake, yale ya taratibu, yakasikika kwenye spika soko zima.

"Shikamoo, mama."

Zomeazomea ikakatika. Mwandaaji kule juu alijishika kichwa. Mama alikuwa anamhudumia mteja, na hakuacha. Akajaza kopo, akamimina, akaongeza ya juu, akafunga mfuko, akampa mtu wake. Shikamoo isiyoitikiwa inauma hata mkiwa wawili ndani ya nyumba, sembuse pale. Jasho lilimtoka jamaa na baridi lote lile, masizi yakawa yanamchuruzika shingoni.

"Shikamoo, mama," akarudia. "Nililikosea tumbo lako. Nilikosea hapa hapa."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. Akanyoosha mkono, akakichomoa kile kipaza sauti kwapani mwake, akakishika mbali na mdomo kama kitu kinachoweza kumuuma.

"Marahaba," akasema. Kisha akasema, "Uliuliza nilizaa nini. Kesho njoo ulingoni, utakiona nilichokizaa."

Soko lililipuka. Watu walipiga mabati, walipiga madebe, wengine wakambeba mwandaaji ambaye sasa alikuwa anacheka mwenyewe kama mwehu, akipaza sauti kwamba pambano liko pale pale na mkanda uko pale pale. Jamaa bado yuko magotini, hajui ainuke au asiinuke. Mimi nikamtazama mama, nikamtazama kaka kule juu ya gari, na kwa nyuso zile sikupata kitu. Kama ule ulikuwa msamaha au hukumu, sikujua.

Nilirudi nyumbani nikakuta jembe bado liko barazani. Kaka akaja baadaye, akakaa kwenye benchi kando yake, akawa anauviringisha kwa kisigino ukuni uliokuwa chini. Mama alikuwa jikoni, tunamsikia anavyosonga ugali. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kesho sitakwenda uwanjani, sitaweza kuangalia.

"Nyie," mama akaita kutoka jikoni, "hilo jembe litalala nje mpaka lini? Hapa Katandala wezi wameisha?"

Niliinuka, lakini kaka alikuwa amenitangulia. Alilishika jembe kwa mkono mmoja akaingia nalo ndani, na alipokuwa analishusha nyuma ya mlango, akaingiza kiganja cha pili chini yake ili lisigonge sakafu.