Jana Ulikula Nini?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta wanaume wenye shingo nene wamelala chali kwenye mikeka ya mazoezi, wanahema, na jua lilikuwa halijapanda. Jimu yenyewe ilikuwa ghala kuukuu katika Eneo la Viwanda, Thika, ukuta kwa ukuta na kiwanda cha juisi, kwa hivyo tulifanya kazi tukinusa mananasi. Mimi nilikuwa nimetoka kiwanda cha nguo, nilikoshona mashati na kukimbia mbio katika timu ya kiwanda wikendi. Kocha Mkuu, mtu asiyependa salamu ndefu, alinionyesha wale waliolala.

"Mama, ngumi wanazo. Mateke wanayo. Raundi ya kwanza wanachapa mtu vizuri, ya tatu wanashikilia waya wa kizimba wasianguke. Nitafutie hiyo pumzi yao huenda wapi."

Mchezo huu unachanganya ngumi, mateke na miereka, ndani ya kizimba cha waya. Miereka ndiyo hula pumzi. Ukilaliwa kifuani na mtu wa uzito wako anayejua kazi yake, utaelewa.

Asubuhi hiyo niliwaambia tukimbie hadi Kiganjo. Walichomoka kama waliofukuzwa na askari wa kaunti, wakinicheka mimi na sketi yangu juu ya suruali ya mazoezi. Niliwakuta kwenye kioski wameinama, mikono magotini. Nikamuuliza kila mmoja, "Jana ulikula nini?" Hakuna aliyemaliza jibu.

Walifikiri nawapangia chakula. Mimi nilikuwa natafuta sentensi nzima. Mtu anayekimbia kwa mwendo wa kujenga moyo anaweza kukueleza alichokula jana, kuanzia chai ya asubuhi, bila kukatikiwa. Akibaki na neno moja moja, amepita kiasi. Kuna siku tunataka apite kiasi, siku za vipindi, yaani kasi, pumziko, kasi tena. Siku nyingine zote ni ujinga tu.

"Sasa unawafundisha umbea," Kocha Mkuu aliniambia. Baada ya miezi michache vijana wake wakawa wanamaliza raundi ya tatu wamesimama wima, naye akanyamaza. Mkubwa wa kazi akinyamaza, mimi huhesabu hiyo ni asante.

Alipofungua tawi Ruiru nilihamishiwa huko chini ya Meneja, bwana wa viatu vyeupe aliyejua kuuza tiketi kuliko kushika pedi za mazoezi. Huko ndiko nilikomfundisha Kamande, mtoto wa wakulima wa Theta, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Cucu, kama nyanya yake. Nilimpenda, sitaficha.

Wapiganaji hupangwa kwa kilo, na hapo ndipo balaa la kukata uzito huingia. Mtu hujikausha maji mwilini siku za mwisho ili mizani imkubali. Wengine hujifunga nailoni chini ya sweta na kukimbia juani. Kilo zinashuka, anafurahi, kumbe mafuta yako palepale. Kilichotoka ni maji, na moyo unabaki ukihangaika. Kwangu mimi hilo lilikuwa marufuku, na wote walijua.

Wiki ya pambano la kwanza la Kamande tulikuwa tunakimbia polepole, mwendo wa kina mama waliochelewa kanisani.

"Kamande, jana ulikula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

Nilimtazama. Midomo ilikuwa imekauka na macho hayatulii. Alipoyumba nikasikia kitu kikichakarika ndani ya sweta. Nikafungua zipu. Nailoni ya kufunikia miche, ya shambani kwao, imezungushwa kifua kizima.

"Ngai! Nani amekufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe, Cucu. Kilo zimekataa kuisha."

Niliichana kwa meno. Tulimweka kivulini, tukamlowesha maji, boda boda ikatupeleka kliniki. Niliogopa. Mama yake alikuwa amenikabidhi huyu kijana kwa mkono wake, nami nilikuwa nimemwambia atarudi nyumbani mzima.

Jioni nilipomwambia Meneja kwamba Kamande hapigani wiki hiyo, alinijia juu. "Mama, mabango ya pambano yako kwa kila nguzo ya stima hapa Ruiru!"

"Basi chapisha na ya mazishi. Labda watakupunguzia bei."

Aliketi. Kisha akawapigia simu upande wa pili. Pambano likasogezwa mbele, kwa kilo ambazo mwili wa Kamande ulikuwa nazo kweli.

Siku ilipofika, mama yake aliketi mstari wa mbele na leso mdomoni. Raundi ya pili Kamande alilaliwa karibu yote. Alirudi kwenye kona anayumba. Kati ya raundi kuna dakika moja tu, na kila mtu alikuwa akimpigia kelele za ngumi na magoti. Mimi nilishika taulo, maana likirushwa ndani pambano limeisha, nikamwinamia sikioni.

"Jana ulikula nini?"

Akanitazama. Kifua kilipanda, kikashuka. Nikakaza taulo.

"Irio," akasema. "Na nyama ya kuchemsha, na chai ya maziwa. Na ukanikataza kuongeza irio, nikaongeza ukienda nje."

Nililia pale pale, mbele ya watu. Taulo nikajifutia uso.

Alishindwa kwa pointi. Hata sikujali. Alitoka kizimbani kwa miguu yake, mama yake akamshika mashavu, na mimi nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu siku ya nailoni.

Sasa nimestaafu, magoti yameamua. Vijana mnaoingia kazi hii mtauzwa mashine na unga wa kila aina. Nunueni mkitaka. Mimi naishukuru kazi hii kwa sababu niliowapokea wazima niliwarudisha wazima, na hilo hunitosha ninapokunywa chai yangu asubuhi.

Kamande ndiye anayeongoza mbio za asubuhi siku hizi. Juzi nilijitia kwenye kundi lake, kujionyesha tu kwamba bado niko fiti. Kwenye mlima akapunguza mwendo akaja kando yangu.

"Cucu, jana ulikula nini?"

"Ugali," nikasema. Nilitaka kuongeza sukuma wiki. Haikutoka.

"Haya," akasema, akanishika mkono. "Tutembee."