Safu ya Wanaume Niliyoijaza Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rula, penseli nyekundu na bunda la fomu lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa binti wa Temeke niliyemaliza kidato cha nne, na cheo changu kilikuwa karani wa takwimu, yaani mtu wa kupokea hesabu zilizofanywa na wengine na kuzipanga kwenye majedwali. Mkuu wa Kitengo, mzee mkali asiyevua suti yake ya Kaunda hata wakati wa joto, alinionyesha kistari kilichochorwa katikati ya kisanduku.

"Hiki maana yake hatujui," alisema. "Sifuri maana yake tumehesabu, hatukuona mtu. Ukivichanganya hivi viwili, binti, umeua watu kwa kalamu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya miaka ya kuhesabu madawati na wanafunzi wa msingi, nilihamishiwa meza ya elimu ya juu. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Madukani kila kitu kilipatikana, lakini maofisini watu walikuwa wakipunguzwa. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilifungwa, akawa anashinda nyumbani kwetu Kiwalani, ndege zikimpitia juu ya bati. Mkuu wa Kitengo naye akapunguzwa. Mahali pake akaja Mratibu wa Mradi wa elimu ya juu wa nchi kadhaa za ukanda wetu, msomi mpya aliyependa kazi iishe upesi.

Mratibu alinipa kazi ya kulinganisha idadi ya walimu wanaume wa vyuo katika nchi mbili ndogo za visiwa. Safu ya wanawake nilikuwa nimeshaimaliza. Mradi ulikuwa na nafasi za kuwapeleka walimu masomoni, na chuo chenye walimu wachache mno kisingezipata. Nchi ya kwanza ilileta fomu kamili. Ya pili, faksi yao ilikatika, ukurasa wa wanaume ukatoka mweupe. Nilipiga simu siku tatu, sikuwapata.

"Tuweke kistari," nilimwambia Mratibu.

"Kompyuta haijumlishi vistari, mama. Weka sifuri, tutarekebisha baadaye."

"Bosi, chuo kizima kikose mwanamume?"

"Kazi unaitaka au huitaki?"

Nikaiweka.

Jedwali likachapishwa, na nafasi zote zikaenda nchi ya kwanza. Miezi ikapita. Asubuhi moja akaingia mgeni mwembamba mwenye kofia ya kufuma, kitabu chetu cha takwimu mkononi. Alikuwa amemleta mama yake Dar kutibiwa.

"Dada, mie nafundisha hesabu chuoni kwetu, huu mwaka wa tisa," alisema kwa Kiswahili cha visiwani. "Mwenzangu alishaahidiwa kwenda kusoma, kaaga mpaka majirani, safari ikafutwa. Hapa mmeandika hatupo. Nani kawaambia?"

Mlango wa Mratibu ulikuwa wazi. Nilimsikia ameacha kuandika.

"Hesabu zilikuja hivyohivyo kutoka kwenu," nikajibu.

Mgeni akapitisha kidole kwenye ile safu ya wanaume.

"Basi ni mwandikishaji wa chuo chetu," alisema. "Ndiye aliyejaza fomu. Na mie nilimwoza dada yangu!"

Akakunja kitabu, akashukuru, akatoka.

Wiki hiyo niliandika barua ya masahihisho. Mratibu aliisoma, akaitia kwenye jalada bila kuituma, na mradi ulipokwisha majalada yakapelekwa stoo. Mie nikahamishiwa masjala, Ubungo, kutunza barua za wengine, hadi nilipostaafu. Nilipewa saa ya ukutani na cheti cha uaminifu. Cheti hicho sijakitundika.

Vijana wa takwimu wakija kunisalimu, baada ya shikamoo huniuliza kazi ile ilikuwaje zamani, kabla ya mashine zao. Nawaambia ilikuwa kazi nzuri, nami niliipenda. Ya sifuri ile siwaambii. Yule mgeni sikumuuliza jina. Nikitaka kumwomba radhi leo, sina wa kumwandikia. Alivuka bahari kurudi kwao, bila shaka akamkabili shemeji asiye na kosa, na mie nilikuwa nimekaa kitini, nikamwacha aende.