Hii Si Intavyu

Wifi yangu Jovina ana ugonjwa wa kuuliza. Usimkaribishe chai kama una haraka, maana atataka kujua sukari umenunua wapi, kwa nini si kwa yule mwingine, na kama mmegombana. Mimi Emiliana ndiye niliyemshauri kaka yangu amuoe, kwa hiyo nimeyataka mwenyewe.

Wote tumekulia Tanzania, kambini kule Kasulu, na kambi ilipofungwa mwaka 2012 tukarudishwa Burundi. Mama yake Jovina, Mama Anisia, alirudi kwao Gashoho, mkoa wa Muyinga. Jovina aliolewa huku kwetu Itaba, Gitega, akawa anashona sare za shule mpaka cherehani ikamchoka. Ndipo akasikia kuna watafiti mjini Gitega wanatafuta mtu wa kuzunguka vijijini kuuliza watu maswali. Jamani! Yaani Jovina alipwe kwa kuuliza! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mkuu wao alikuwa Bwana Ignasi, mtu wa Gitega mjini, mpole, suruali imenyooka muda wote. Utafiti wenyewe ulihusu elimu mpya ya maabara, ya kubadilisha viumbe kutoka ndani kabisa. Mimi sikuelewa kitu mpaka Jovina aliponieleza kifundi.

"Wifi, kila kiumbe kina maelekezo yake ndani. Hawa wanafumua hapa, wanashona pale, na wakitaka wanakata kitambaa kipya. Sasa wanafikiria mgomba usioshikwa na mnyauko."

Mnyauko tunaujua wote. Unaona ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza, na shamba zima linakwisha unaangalia. Lakini kabla ya kuleta hata mche mmoja, watafiti walitaka kujua watu wanaonaje. Watakula? Wanaogopa nini? Nini kitawakera? Na nani angeruhusu mgomba huo ujaribiwe shambani kwake?

Jovina akasema aanzie Gashoho, kwao, ambako wengi ni watu wa kambini kama sisi. Nikamsindikiza, maana nilitaka kumsalimia Mama Anisia, na pia, nisiseme uongo, nilitaka kuona vituko. Jovina alituma taarifa ikasomwa kanisani Jumapili: wiki hii kutakuwa na intavyu.

Loo! Neno gani lile alilochagua!

Kwa mtu mwingine intavyu ni maswali tu. Kwa mtu wa kambini, intavyu ndiyo iliyoamua nani anabaki, nani anarudishwa, nani anapanda ndege kwenda Ulaya. Watu walikesha wakifanya mazoezi ya majibu. Waliofeli walipandishwa malori. Jovina alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini kazi mpya ilikuwa imempanda kichwani, akasahau.

Basi watu wakaja. Wamevaa nguo za harusi, wamepaka mafuta mpaka watoto wanateleza. Bwana mmoja, Chabani, alikuja na mke, watoto na mama mkwe, akawapanga kwa urefu.

"Chabani, ndizi ya kutengenezwa maabara unaionaje?" Jovina akamuuliza.

"Nzuri sana. Tunashukuru."

"Una wasiwasi wowote?"

"Hatuna kabisa. Na mama mkwe tunaenda naye, popote mtakapotupeleka."

Nilitoka nje nikacheka vizuri. Lakini ndani ilikuwa hivyo hivyo, mtu baada ya mtu. Pombe ya ndizi ikibadilika ladha je? Tunashukuru. Mama Anisia naye alikaa wima, mikono mapajani, akamjibu mwanawe kana kwamba hajawahi kumwona. Ndiyo. Ndiyo. Shamba langu? Ndiyo, chukueni.

Bwana Ignasi, aliyekuja nasi, alifurahi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa na Kirundi: "Bon, Jovina, kazi iko nzuri. Gashoho bamekubali bote. Donc tunaanza kwa mama yako."

Ingekuwa mimi, ningeshika mkoba wangu nikarudi Itaba. Jovina nilimwona uso umeingia kivuli.

Asubuhi yake tulimkuta Mama Anisia shambani na jembe. Anang'oa miche ya migomba yake, ile ya pombe, anaisogeza kwa jirani. Jasho linamtoka.

"Mama, unafanya nini?"

"Naihamisha kabla hawajaja kuikata."

"Nani kasema itakatwa?"

"Si nimekubali?" akasema, akaendelea kuchimba.

Jovina akamnyang'anya jembe. "Mama, kwani we mwenyewe unataka?"

Mama Anisia akamwangalia kama mtu aliyeulizwa upumbavu. "Mara ya mwisho kusema ninachotaka ilikuwa kambini. Waliniuliza, ukirudi kwenu utapata shida gani? Nikawaambia ukweli, sijui, labda hakuna. Tukafeli. Wewe ukatolewa shule katikati ya mwaka, tukapandishwa lori. Mdomo wangu huu ndio uliotupakia. Sasa hii ni kazi yako, mwanangu. Sitaiharibu."

Wee! Kumbe miaka yote ile. Tulidhani kukubali kwake kila kitu ni upole tu. Padri akiomba mchango, ndiyo. Mchuuzi akileta kitenge kibovu, ndiyo. Nilimwambia, mama, kambi nzima ilifeli, hata waliolia machozi ya kweli walifeli! Lakini alikuwa ameshaamua ni yeye. Jovina alikaa chini kwenye majani akalia. Nami nililia, nisiachwe nyuma.

Kisha akajifuta, akaenda kwa Bwana Ignasi akamwambia majibu yote yafutwe. Bwana yule alishika kichwa. Jovina akamweleza neno intavyu lilivyosikika pale Gashoho. Ndipo Bwana Ignasi akauliza, "Sasa tufanye je?"

"Tuyage," Jovina akasema. Kuyaga ni kupiga soga tu. "Lakini tuwaambie wazi kwamba tunarekodi. Sitaki kumtega mtu."

Tukapita nyumba kwa nyumba, tukimenya viazi vya watu, tukichambua maharage yao. Kila mahali Jovina alianza hivi: "Hii si intavyu. Hakuna anayefaulu, hakuna anayefeli, hakuna anayekwenda popote." Hapo ndipo midomo ikafunguka! Khurshid mwenye duka alitaka kujua hizo chembe zinazoingizwa kwenye mgomba zimetoka kwa mnyama gani, asije akala kisichofaa kwa Mwislamu. Alipoambiwa zimetoka kwenye pilipili hoho, akauliza kama ndizi zitawasha. Chabani aliuliza je, mgomba huo una mwenyewe huko maabara? Maana binti yake akiolewa lazima ampe miche. Atamwomba nani ruhusa? Mama mkwe wake akasema yeye, kwanza kabisa, hapandi ndege. Bwana Ignasi alikuwa amekalia kidumu, suruali ina vumbi la maharage, anacheka mpaka kinasa sauti kinatikisika.

Mwisho tukafika kwa Mama Anisia. Alitukaribisha, akakaa wima tena, mikono mapajani.

"Mama, hii si intavyu," Jovina akasema.

"Nimesikia." Akakaza kilemba chake. "Na mtu akisema hapana?"

"Tunarekodi hapana."

"Na kazi yako?"

Jovina akamgeukia Bwana Ignasi.

"Kazi yake iko kuuliza, mama," Bwana Ignasi akasema. "Kujibu iko kazi yako."

"Haya," Jovina akasema. "Mama, unakubali mgomba huo upandwe shambani kwako?"

Mama Anisia alivuta pumzi. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapana."

Akageuka akaangalia barabarani. Ilikuwa tupu, kuku wanaparura. Akamwangalia Bwana Ignasi. Akamwangalia mwanawe.

"Basi?"

"Basi, mama. Asante."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka, akajifuta macho nacho, akasogeza kiti chake karibu na Jovina.

"Niulize tena," akasema.