Mlosema mke wa staa "alikuwa anakaa tu", mimi nilikuwa shahidi kwenye mgawanyo kama huo hapa Sydney

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Nimesoma ule uzi wa yule msanii mkubwa aliyeachana na mkewe. Nimesoma kurasa zote mpaka chai imepoa. Wengi mmeshahukumu: mke asipewe kitu, jasho ni la mwanaume, kwani yeye aliimba wimbo gani?

Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika, halafu nikaona aibu. Aibu kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, mbele ya wazee, na mtu akapoteza nyumba.

Sina haja ya kuongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wengine wanapita humu.

Mimi ni Mbongo, mtoto wa Morogoro. Nilikuja huku kusoma, nikasoma kidogo, nikabaki. Jumatatu mpaka Ijumaa niko Smithfield, naendesha forklift kwenye godauni la vigae. Jumamosi nilikuwa fundi mitambo ya muziki wa Papa Safari.

Ninyi mna mastaa wenu wa kwenye TV. Sisi Waswahili wa magharibi ya Sydney tulikuwa na Papa Safari. Mkongo wa Bukavu, mrefu, suti ya krimu, viatu vyeupe ambavyo sikuwahi kuviona na doa. Watu walikuwa wanasogeza tarehe ya harusi ili wampate yeye. Brisbane wanamwita, Adelaide wanamwita. Vitoto vilivyozaliwa huku, ambavyo ukivisalimia "shikamoo" vinakujibu "hi uncle", nyimbo zake vinaimba neno kwa neno.

Jamani, zile Jumamosi kabla ya Corona! Ukumbi wa kukodi pale Granville, kadi inasema saa kumi na moja jioni, watu wanaanza kuingia saa mbili. Wamama wanashusha masufuria ya sombe, kisamvu cha Kikongo, na wali kwenye buti za magari. Mtu ametoka shift ya aged care, kutunza wazee, bado ana kadi ya kazini shingoni, anaingia chooni kavaa scrubs anatoka kavaa kitenge. Mimi niko pembeni ya jukwaa, mixer mbele, sahani ya mbuzi magotini. Sijui kama nitakuja kufurahi vile tena maishani mwangu.

Sasa kwa msioijua hii desturi ya Wakongo, nieleze kidogo.

Mwimbaji haimbi tu. Katikati ya wimbo, gitaa likianza kulia, anataja majina ya watu waliomo ukumbini. Akikutaja, umekwisha. Lazima uinuke, ucheze mpaka mbele, umtunze. Noti ya hamsini kwenye paji la uso, ukumbi mzima unapiga vigelegele. Na hakutaji kavu kavu. "Maman Sifa, mtoto amemaliza uuguzi!" "Papa Dieudonné, citizenship imetoka, songa mbele!" Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kupanga maboksi, kwa dakika moja anakuwa mfalme.

Watu walimpenda Papa Safari kwa hilo. Walikuwa wanasema, "Yule anatujua."

Mkewe tulimwita Mama Furaha, kwa jina la binti yao mkubwa. Mfupi, mpole, mkimya. Mimi nilikuwa namwita Papa Safari kaka, kwa hiyo huyu kwangu alikuwa shemeji, na yeye aliniita hivyo hivyo. Yeye alikuwa anazunguka meza kwa meza na jagi la maji. Anamimina, anainama, anauliza habari, anashika mikono ya watu. Halafu gitaa likianza kulia, anapanda jukwaani na glasi, anampa mumewe maji, anamnong'oneza sikioni.

Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Kila Jumamosi, miaka minne. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Meza ya pale mulangoni, Maman Sifa, mutoto yake amemaliza. Ule mwenye koti ya blue usimuite kucheza, amefiwa na dada yake Uvira, umupe pole tu."

Papa Safari alikuwa na sauti ya malaika lakini kichwa chake kwa majina kilikuwa pakacha. Mimi mwenyewe alichukua mwaka kunijua jina, alikuwa ananiita "Tanzania".

Nililiona hili. Niliona kila wiki. Ila kichwani mwangu nilikuwa nimeliandika hivi: Mama Furaha analeta maji.

Ikaja Corona. Kumbi zikafungwa, zikafunguliwa kidogo, halafu ikaja ile lockdown ndefu. Mliokuwa huku mnajua jinsi upande wetu tulivyokabwa. Helikopta juu, polisi mitaani, huruhusiwi kutoka nje ya kilomita tano, kwenda kazini mpaka uwe na kibali kwenye simu. Mimi na Papa Safari tulifanya live mbili tatu kwenye garage yake, tukaona hazina raha, tukaacha.

Ndani ya miezi hiyo ndoa yao ikavunjika. Sababu siwaambii, siyo yangu kusema, na humu kuna watu wanapenda umbea kuliko chakula. Mama Furaha alihamia unit, yaani fleti ndogo, Granville na watoto wawili. Papa Safari akabaki kwenye nyumba ya kupanga, na mitambo.

Vya kugawana havikuwa vya mastaa wa kweli. Van, mitambo, akiba kidogo benki, na nyumba moja Bukavu. Hiyo nyumba ndiyo ilikuwa mzizi wa kesi. Ilijengwa kwa pesa za kutunzwa, noti kwa noti, na ndani yake alikuwa anaishi mama mzazi wa Mama Furaha, bibi mzee wa miguu mibovu.

Mama Furaha aliomba kitu kimoja tu. Van sitaki, mitambo sitaki, akiba mtakavyoona. Nipeni nyumba, mama yangu asitoke.

Mahakamani hawakwenda. Kwa Wakongo wa kanisa lao, kumpeleka baba wa watoto wako mahakamani kabla wazee hawajakaa ni aibu kubwa. Dada mmoja Mkenya, nesi, alikuja kuniambia baadaye kwamba sheria ya hapa inaangalia hata kazi ya mke nyumbani, siyo jina lililo kwenye karatasi. Lakini wakati huo nani alimuuliza? Wote wawili walikubali: watakachosema wazee ndicho tutakachosaini.

Kikao kikafanyika kwa video, Jumapili baada ya ibada. Pasta kwenye kiti, wazee watano, na mimi shahidi. Nusu saa ya kwanza ilikuwa "Pasta hatukusikii" na mzee mmoja anatuonyesha dari la sebule yake. Mama Furaha alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chumba cha mapumziko, mask imeshuka kidevuni.

Papa Safari akasema lake kwa heshima kabisa. "Bandugu, miye sina neno mbaya na mama wa batoto. Lakini muniambie, sauti ni ya nani? Ile makuta, ile pesa watu waliniweka hapa," akagusa paji la uso, "waliweka kwa nani?"

Pasta akanigeukia. "Fundi, wewe si ndugu wa upande wowote. Ulikuwa pale kila juma. Sema ulichoona. Kazi ilifanywa na nani?"

Wakuu, hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Sikusema uongo. Sikuhongwa. Nilimpenda Papa Safari, ndiyo, lakini hata hilo siyo sababu. Niliulizwa kazi, na mimi kazi nilikuwa naijua: kubeba spika, kuimba, kuendesha forklift. Nikajibu haraka haraka, kama mtu anayeulizwa saa ngapi.

"Pasta, aliyekuwa anaimba ni Papa Safari. Shemeji alikuwa anasaidia. Analeta maji."

Nilimwona Mama Furaha kwenye kile kidirisha. Alitazama chini kidogo. Kisha akasema, "Asante, shemeji," akapandisha mask, akarudi kwa wazee wake wa kuwaogesha.

Nyumba wakampa mume, kwa kuwa "jasho ni lake". Mke akapewa van na sehemu ya akiba "ya kuanzia maisha". Ndani ya wiki chache bibi akatolewa, akapangishiwa chumba upande mwingine wa mji. Nilisikia, nikasema maskini, nikaendelea na vigae vyangu.

Lockdown ikaisha. Harusi ya kwanza ilikuwa palepale Granville. Mnaikumbuka ile furaha? Watu wanakumbatiana mlangoni wanalia, wengine wamenenepa, wengine wamezeeka ghafla. Mimi nilipowasha mixer na kusikia ile "mmm" ya spika, machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Papa Safari akapanda na suti yake ya krimu. Sauti ilikuwa ile ile. Gitaa likaanza kulia, watu wakaanza kujitengeneza vitenge, kila mtu anangoja jina lake.

Akageuka pembeni. Hakukuwa na mtu wa glasi.

Kumbe siku mbili kabla alikuwa amesikiliza rekodi ya zamani ya ukumbi huohuo, akakariri majina yote yaliyomo. Akaanza kuyamwaga. Jina la kwanza, mtu hayupo, alishahamia Perth. La pili, kimya. La tatu akalisema kwa nguvu, anatabasamu:

"Mzee Elia! Mzee Elia iko wapi? Simama ucheze, mzee!"

Mzee Elia tulikuwa tumemzika kwenye lockdown. Watu kumi makaburini, sisi wengine tunaangalia kwa simu. Mjane wake alikuwa amekaa meza ya pili, na hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kutoka nyumbani.

Nilishusha sauti mwenyewe, bila kuambiwa. Yule mama aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Wanawake wa meza yake wakamfuata, kisha meza ya jirani. Papa Safari alibaki na maiki mkononi ananiangalia mimi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimhurumia, Mungu anajua. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo siyo mtu mbaya.

Lakini pale pale nilijua nilichokifanya kwenye kile kikao.

Kesho yake nilikwenda kwa Pasta. Nikamwambia yote: majina, kunong'ona, nani alikuwa anajua nani kafiwa na nani kafaulu. Nikamwambia watu hawakuwa wanatunza sauti, sauti walikuwa nayo kwenye CD nyumbani. Walikuwa wanatunza kujulikana, na aliyewajua alikuwa Mama Furaha.

Pasta akauliza, "Maneno haya ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo, Pasta. Sikujua kuwa ni maneno."

Akaniita tena baada ya siku nne. Papa Safari hakubisha hata kidogo. Alisema tu, "Mumupatie nyumba. Miye nimeona." Karatasi akasaini mbele ya wazee.

Mimi nikajipa kazi ya kupeleka habari. Nilinunua na keki njiani, mjinga mimi, kama mtu anayekwenda kwenye birthday. Jumamosi mchana, jua kali, nikabisha. Furaha akafungua, akaita ndani, "Mum, it's the sound guy."

Mama Furaha akanikaribisha, akanimiminia chai. Nikaomba msamaha, nikamweleza yote, nikamalizia kwa kifua mbele: "Shemeji, nyumba ni yako. Mama arudi kwake."

Akasogeza kikombe chake pembeni.

"Mama amefariki, shemeji. Inaenda wiki ya tatu."

Nikakosa pa kuweka mikono. Nikasema, "Mbona hatukusikia?"

Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Nani angewaambia?"

Wakuu, miaka yote ile hakuna msiba uliompata Mswahili wa upande wetu bila sisi kujua, kwa sababu yeye alikuwa anajua, na yeye ndiye aliyekuwa anasambaza. Wa kwake ulipofika, alienda kazini kesho yake, akaogesha wazee wa watu, akarudi. Wiki tatu. Hakuna aliyemletea hata kilo ya sukari.

Nikatoa simu. Nikamwambia tunaita watu leo leo, tunakaa matanga hapa hapa. Nikafungua orodha yangu ya namba, nikakuta nina namba za watu wa kukodisha spika na za kazini. Za watu wetu sina.

Mama Furaha akavuta kiti karibu yangu. Akaanza kunitajia, mmoja mmoja, bila kuangalia popote. Jina, namba, na huyu usimpigie sasa hivi ametoka night shift amelala, na huyu anza kwa kumpa pole, mtoto wake anaumwa.

Nilikuwa naandika huku nalia, na yeye ananisubiri nimalize kila namba.

Jioni ile unit ilijaa mpaka ngazini. Papa Safari alikuja pia, akakaa nje na wanaume, hakuimba.

Somo langu ni dogo, nimelilipia. Ukiulizwa "huyu alifanya nini humu ndani?", usijibu haraka. Hata kama unaulizwa na uzi tu wa mtandaoni kuhusu watu usiowajua.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaosema alikuwa anakaa tu, njooni mniambie mlikuwa mmekaa wapi mkamwona. Na kama kuna mtu alikuwepo zile Jumamosi za Granville, pita hapa usalimie, hata kwa jina la utani, nimewakumbuka sana.