Kina cha Ishirini na Mbili

Anayekuambia Garissa kuna joto amekuambia nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba simu nazo huugua joto, na yangu ilizirai siku niliyoihitaji kuliko siku zote.

Mambo yalikuwa hivi. Shule yetu ilipewa nafasi moja, moja tu jamani, ya kupeleka mchezaji wa sataranji kwenye mashindano ya walimu kule Mandera. Tuliobaki tulikuwa wawili: mimi, mwalimu wa hesabu, na mwenzangu wa somo la dini, mzaliwa wa Hadado, ambaye shule nzima tunamwita Maalim. Miaka miwili mfululizo alikuwa amenishinda, akaenda yeye. Safari hii nilikuwa nishashusha begi kutoka juu ya kabati na kumpigia mama yangu simu kumwambia naenda. Wala sikusema inshallah.

Mchezo wetu wa kwanza ulitoka sare, tukakubaliana kurudia Jumamosi kwa rangi zile zile. Sote tulijua tutafika pale pale tulipokwama, maana sisi ni wabishi na hakuna aliyekuwa tayari kubadilisha alivyozoea kuanza. Nilipofika nyumbani nikaipanga ile hali kwenye programu ya sataranji iliyo katika simu yangu, nikaiuliza: nikimtoa farasi wangu sadaka mbele ya mfalme wake, itakuwaje?

Kwa asiyezijua, mashine hizi hazibahatishi. Inajaribu hatua yangu, halafu jibu lake, halafu jibu langu kwa jibu lake, na kila hatua ya upande mmoja inahesabiwa kina kimoja. Njia za kipuuzi inazitupa mapema. Pale watu wanapolana vipande haikubali kusimama katikati. Inaendelea mpaka vumbi litulie, ndipo inasema nani yuko mbele. Kwenye kina cha nane ikaniambia, mama wewe, unapoteza farasi bure. Kina cha kumi na tano ikasema tuko sawa. Kina cha ishirini na mbili, yaani hatua kumi na moja zangu na kumi na moja zake ambazo hata hazijachezwa, ikasema nashinda! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Wakati huo simu ilikuwa moto kama kikaango cha anjera. Nikailaza juu ya mtungi wa maji, nikaipepea kwa daftari, wapi! Ikatoa onyo la joto, kioo kikazima. Basi, nikasema, kwani nataka nini zaidi? Binadamu gani ataona kupita hapo? Nikaukariri ule mfululizo wote, hatua kwa hatua.

Jumamosi tukakaa chumba cha walimu, feni ikipiga kelele bila kuleta upepo. Tukafika pale pale. Nikamtoa farasi wangu kwa madaha, nikaegemea kiti. Maalim akamla. Nikaingiza malkia kumtishia mfalme wake, ambaye kwa mujibu wa mashine alipaswa kukimbilia pembeni. Maalim akauinamia ubao. Dakika tano, kumi, ishirini. Akashika ndevu zake za hina, midomo ikicheza bila sauti. Kwisha habari yake, nikasema moyoni, na nikaanza kufikiria nitavaa nini Mandera.

Kisha akamshika mfalme, na badala ya kumficha pembeni akampeleka mbele, katikati ya ubao, hadharani kabisa. Nilitaka kucheka. Nikatafuta pigo la kummaliza. Nikatafuta tena. Halikuwepo. Kila nilipomfuata, mfalme yule alikuwa amenipita kwa hatua moja, na muda si muda mashambulizi yangu yakaisha, farasi wangu ndiyo keshaliwa. Nikampa mkono.

“Maalim, usiniambie ile uliiona kwa kichwa chako.”

“Hapana, abaayo. Ni simu,” akasema bila aibu. Abaayo ni dada, na huniita hivyo hata akinichinja. “Niliiweka kwa friji.”

“Friji?”

“Friji, wallahi. Ndani ya bakuli, nikafunika, karibu na maziwa ya ngamia. Mama watoto amenigombeza sana. Baada ya asri nimefungua, imefika kina thelathini na moja. Hapo ndiyo imesema ukitoa farasi, mfalme aende mbele.”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Tisa! Nimekosa Mandera kwa vina tisa na friji! Kisha hasira zikanipanda.

“Sasa kama jibu ulikuwa nalo, dakika ishirini zote hizo ulikuwa unanitesea nini?”

“Jibu nilikuwa nayo tangu juzi,” akasema. “Lakini mashine haisemi sababu. Niweke mfalme yangu nje, peke yake, kwa sababu simu imesema? Nimeogopa. Nilikuwa natafuta sababu. Nimeipata saa ile tu.”

Akarudisha vipande mahali pake akaanza kunionyesha: mfalme akikimbilia pembeni anajifungia mwenyewe, lakini akitoka nje malkia wangu hana pa kusimama bila kupoteza muda. Alieleza taratibu, kwa kidole, na nikaelewa kila kitu. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilijionea huruma, nikajionea haya pia.

“Na wewe, abaayo,” akauliza, bila kejeli yoyote, anataka tu kujua, “farasi ulimtoa kwa sababu gani?”

Mwanafunzi akiniletea jibu tupu, bila kuonyesha njia, namrudishia daftari hata kama jibu ni sahihi.

“Simu ilisema,” nikamwambia.